Je, wajua kwa nini mpira wa intakula (kipoza hewa inayosukumwa na turbo) wa gari la turbo huwa na oili ndani?

Legeza klipu ya mpira unaoingia kwenye intakula ya Subaru Forester yenye turbo, pitisha kidole ndani. Kitatoka cheusi, kinateleza. Fundi mwenye haraka, awe wa Nyakato au Igoma jijini Mwanza, atasema turbo, yaani pampu inayosukuma hewa kwenye injini, imekufa. Kabla hujatoa hela, shika mhimili wa turbo ikiwa imepoa: mapanga yakigusa kasha, basi kweli imekwisha. Yasipogusa, na oili ni ya kulowanisha kidole tu, mara nyingi imetoka kwenye pumzi ya injini yenyewe.

Ringi za pistoni hazizibi kabisa. Kila petroli inapowaka, gesi kidogo hupenya kushuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), na turbo ikisukuma hupenya nyingi zaidi. Huko hubeba ukungu wa oili. Gari likiwa limewashwa tu bila kukanyagwa mafuta, valvu ya PCV (ya kupumulia injini) huzirudisha gesi hizo kwenye manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa kwenye silinda. Turbo ikianza kujaza hewa, valvu hujifunga, nazo gesi hupita mpira mwingine kutoka tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) hadi bomba la hewa kabla ya turbo. Ukungu huo hupaka intakula ikashindwa kupoza hewa vizuri, na oili ikichanganyika na petroli injini hugonga kirahisi, yaani mafuta hulipuka vibaya ndani ya silinda.

Dawa yake ni kopo la kunasa oili, ambalo huunganishwa katikati ya mpira huo wa pili. Chagua lenye vizuizi au wavu wa chuma ndani. Kopo tupu hunasa kidogo, ukungu mwingi huingia huku na kutokea kule. Nusu lita inatosha. Lifunge mbali na turbo, mahali penye upepo, kwa sababu ukungu hugeuka matone ukipoa. Mpira usiwe mwembamba kuliko wa kiwandani (milimita 19 hutosha magari mengi), uwe wa kustahimili oili, wenye nyuzi. Mpira wa maji ya bustani hulainika, hunywea, na njia huziba.

Kuziba ndiko kosa kubwa. Gesi zikikosa pa kutokea hutafuta upenyo: oili sili husukumwa nje, kijiti cha kupimia oili huruka. Kwa hiyo, baada ya kufunga, washa injini ikiwa imepata moto, fungua kifuniko cha oili, funika tundu kwa glavu nyepesi. Ikinyonywa kidogo au ikilala, sawa. Ikivimba, kuna mkunjo kwenye mpira, au ringi zimechoka, na hapo kopo halitakusaidia.

Tundu la kutokea la kopo nalo lirudishe gesi kwenye bomba la hewa. Wapo wanaoliachia wazi. Harufu huingia ndani ya gari, na bomba la hewa likiachwa na tundu wazi huvuta hewa ambayo kipimo cha hewa hakijaihesabu.

Angalia kopo baada ya kilomita 1,000, kisha kila unapobadilisha oili. Ukikuta kitu kama chai ya maziwa, usidhani gasketi ya hedi (inayozuia maji yasichanganyike na oili) imeungua. Gari linaloishia safari fupi kama za Pasiansi hadi Kirumba halipati moto wa kutosha, na mvuke unaotokana na kuungua kwa petroli hugeuka maji humo. Pima maji ya rejeta. Yasipopungua, huna shida. Uchafu huo uweke kwenye dumu la oili chakavu, usiumwage mtaroni: mitaro ya mjini huingia Mto Mirongo, nao humwaga ziwani.