Maji kwenye zulia la gari si gesi ya kiyoyozi

Madereva wengi huamini kwamba zulia la upande wa abiria likilowa, gesi ya kiyoyozi inavuja na inapaswa kujazwa upya. Hata hivyo, gesi hiyo ikivuja hupotelea hewani na haiachi dimbwi sakafuni. Mara nyingi maji hayo hutokana na unyevu wa hewa, ambao hugeuka matone kwenye eveporeta (sehemu ya kiyoyozi inayopoza hewa) baridi iliyo nyuma ya dashibodi, kisha hutiririka nje kupitia mpira mwembamba unaotokeza chini ya gari; mpira huo ukizibwa na vumbi, majani au ukungu, maji hurudi ndani.

Kuhakiki si kazi ngumu: siku yenye unyevunyevu, egesha gari mahali pa wazi na pakavu, washa kiyoyozi kwa dakika 15 hivi, kisha utazame chini. Pasipodondoka kitu ilhali zulia linalowa, yaelekea mpira umeziba. (Majimaji yenye rangi, utelezi na harufu tamu ni jambo jingine, kwani huenda ni ya kupozea injini.) Uchafu hutolewa kutokea chini, injini ikiwa imezimwa, kwa waya laini usioingizwa mbali au kwa upepo hafifu, kwa kuwa upepo mkali wa kompresa unaweza kuuchomoa mpira mahali pake.