Akiba ya uzeeni haisubiri mshahara upande

Vijana wengi walioajiriwa karibuni huamini kwamba akiba ya uzeeni inaweza kusubiri, kwa kuwa anayechelewa atafidia kwa kuweka zaidi. Hesabu haisemi hivyo. Tuchukue mfanyakazi wa Dar es Salaam anayeweka shilingi 600,000 kila mwisho wa mwaka tangu miaka 25 hadi 35, yaani milioni 6 kwa jumla, kisha asiongeze hata senti. Ikiwa faida ni asilimia 8 kwa mwaka na haiguswi, akitimiza miaka 60 atakuwa na takriban milioni 59. Mwenzake anayeanza akiwa na 35 na kuweka kiasi hicho hicho hadi 60, jumla milioni 15, atapata kama milioni 44. (Mfumuko wa bei utawapunguzia wote wawili, lakini hautabadili aliye mbele.)

Wapo wanaojibu kwamba makato ya NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yanatosha. Ni msingi mzuri, ila pensheni ya kila mwezi huhitaji michango ya miezi isiyopungua 180, na anayehama kila mara kati ya ajira na vibarua huifikia kwa taabu.