Oda kubwa, faida kiduchu: wanachoamini wauzaji wa mtandaoni kuhusu punguzo la jumla

Kazi yangu ni kuwapangia bei na kuwakagulia hesabu watu wanaouza vitu vyao kwenye masoko ya mtandaoni, wengi wao ni mtu mmoja na simu yake na kona ya chumba imejaa maboksi. Kuna sentensi naisikia karibu kila nikifungua daftari la mtu: "nilimpunguzia kidogo, wingi utafidia." Nimeichoka. Naichoka kwa sababu wanaoisema ni wachapakazi, wanakesha wanafunga mzigo, na mwisho wa mwezi wanashangaa pesa imeenda wapi wakati oda zilikuwa nyingi.

"Wingi utafidia"

Haufidii, labda hesabu ikubali, na mara nyingi hesabu inakataa. Tuchukue kitu unachouza 100, pesa yoyote ile unayotumia. Mpaka kimfikie mteja kimekula 70: bei uliyonunulia au malighafi, kifungashio, kamisheni ya soko, ada ya malipo. Inabaki 30 yako. Sasa anakuja mteja inboksi, nataka vipande 60 naomba asilimia 20. Unafurahi, unampa kwa 80 kila kimoja. Gharama yako imebaki 70 palepale, aliyekuuzia malighafi hana habari kama umepunguza bei, kwa hiyo kwenye kila kipande umebaki na 10. Vipande 60 mara 10 ni 600. Rudi kwenye bei yako ya kawaida: 600 hiyohiyo ungeipata kwa kuuza vipande 20 tu. Maana yake kwenye ile oda iliyokufurahisha, vipande 40 umevinunua, umevikagua, umevifunga, umevibeba, halafu havijakuongezea hata senti.

Na mtaji je? Kutimiza oda ya 60 umefunga 4,200 ndani ya mzigo mmoja wa mteja mmoja. Kwa vipande 20 ungefunga 1,400. Huyo mteja akichelewa kulipa, au akirudisha mzigo, umekwama na 4,200 na duka limesimama.

Mtu aliposikia "asilimia 20" alidhani anatoa sehemu ya tano ya faida yake. Hapana ndugu yangu, ametoa theluthi mbili. Punguzo lote linakatwa kwenye ile 30, kwa sababu ile 70 haina mtu wa kuipunguzia. Ndiyo maana kwa faida ya 30 kwenye 100, ukipunguza asilimia 10 unatakiwa uuze mara moja na nusu ya vipande ili tu ubaki na faida ileile, ukipunguza 15 uuze mara mbili, ukipunguza 20 uuze mara tatu. Na kama faida yako ni 20 kwenye 100, ambayo kwa wanaonunua na kuuza ni kawaida sana, punguzo la 10 tayari linadai uuze mara mbili na punguzo la 20 ni kumpelekea mtu mzigo bure.

Najua kuna atakayesema kamisheni nayo inashuka bei ikishuka. Ni kweli, soko likikata asilimia 10 basi kwenye 80 unakatwa 8 badala ya 10, umeokoa 2, faida inakuwa 12. Oda yako ya 60 sasa ni sawa na kuuza vipande 24 kwa bei kamili badala ya 20. Hiyo haibadilishi habari.

Kuna hali moja ambapo nakubali hata faida ndogo hiyo: kama vitu vimekaa tu stoo, au mashine na mikono vimekaa bila kazi, na huyo mteja kwa bei kamili asingenunua kabisa. Hapo 10 ni bora kuliko kukosa. Lakini jiulize kwa ukweli, maana wengi wanaoomba bei ya jumla tayari wana shughuli na idadi wanayoitaka, watu wao ni 60 na zawadi zinatakiwa 60, punguzo lako halijamfanya anunue zaidi hata kimoja. Na kama oda yake inamaliza stoku yako, wale wa rejareja wakifika wiki hiyo wanakuta imeandikwa kimeisha, na kila mmoja wao aliyeondoka ni 30 uliyoiuza kwa 10.

Sasa punguzo litoke wapi? Litoke kwenye kile ulichookoa kweli. Hili nalihubiri kwa kila mtu na sitaacha: chukua daftari, andika kipande kimoja kikienda peke yake kinakula nini nje ya gharama ya kitu chenyewe. Boksi, gundi, lebo, nauli ya kupeleka paseli, ile sehemu ya ada ya malipo ambayo ni kiasi maalum kwa kila muamala hata ununuzi uwe mdogo vipi, na dakika za kujibu maswali ya mteja. Tuseme inafika 12. Halafu andika vipande 60 vikienda kwenye maboksi mawili kwa mteja mmoja, kila kipande kinabeba ngapi ya hayo. Tuseme 4. Umeokoa 8 kwa kipande. Nusu ya hiyo mpe mteja, nusu baki nayo, kwa hiyo punguzo lako la haki ni 4 kwenye 100. Asilimia 4, ndiyo. Mtu anaguna akisikia 4 lakini hiyo ni punguzo unaloweza kulitoa kila siku mwaka mzima na duka likabaki hai. Kama na aliyekuuzia malighafi anakushushia bei ukichukua nyingi, ongeza hapo, lakini baada ya kupata bei yake kwa maandishi, sio "atanipunguzia nikimwambia".

Wanaotengeneza kwa mikono ndio wanaoumia zaidi. Anayeshona au kusuka, kipande cha 60 kinachukua muda karibu uleule wa kipande cha 5. Kukata vitambaa kwa mkupuo kunaokoa kidogo, kuwa na uzi mmoja kwenye cherehani muda wote kunaokoa kidogo, lakini mkono wako hauna bei ya jumla. Wengine hawajiandikii hata ujira, wanahesabu malighafi tu wanaona faida ni 60 kwenye 100, wanagawa punguzo kama wana kiwanda. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi ya mikono ndiyo mali yenyewe.

"Kuanzia vipande 10 nakata asilimia 10, ni utaratibu wa kawaida"

Ni wa kawaida, na eBay wana kabisa kipengele cha kuweka punguzo kwa idadi, mteja akichukua 2, 3, 4 na zaidi asilimia inapanda, Amazon nao wana bei za idadi kwa wateja wa kibiashara. Tatizo ni jinsi watu wanavyochagua namba bila kuzipigia hesabu. Angalia: vipande 9 kwa 100 ni 900. Vipande 10 kwa 90 ni 900. Mteja wa 9 akiongeza kimoja hakulipi chochote zaidi, kile cha kumi amepewa bure. Wewe kwenye 9 ulikuwa na faida 270, kwenye 10 una 200. Na wateja wanaiona hiyo haraka sana, kila aliyetaka 9 atachukua 10, hata aliyetaka 8 anaanza kufikiria.

Ukiwa unapanga bei mwenyewe inboksi, fanya punguzo liguse vile vinavyozidi tu: 10 vya kwanza bei kamili, kuanzia cha 11 ndiyo kinashuka. Kama soko linakulazimisha punguzo la oda nzima basi weka hatua ndogo ndogo, asilimia 3 kisha 5, zikae mbalimbali, usiruke kutoka sifuri mpaka 10.

"Mzigo ukiwa mmoja usafiri unakuwa rahisi, kwa hiyo naweka bure"

Pole sana kwa aliyewahi kuweka usafiri bure kwenye oda ya mito au makapu. Wasafirishaji wa haraka hawaangalii mizani peke yake, wanapima na ukubwa: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, wanagawanya kwa 5,000, halafu wanatoza kwa namba iliyo kubwa kati ya hiyo na kilo halisi. Kampuni kubwa kama DHL Express zinapima hivyo. Boksi la sentimita 60 kwa 40 kwa 40 ni 96,000, ukigawanya unapata kilo 19.2. Ndani kuna makapu ya kilo 6, utalipia 19.2. Maboksi mawili, zidisha. Vitu vizito vidogo kama sabuni au vitabu hapo ndipo kuunganisha mzigo kunasaidia kweli, vitu vyepesi vinavyojaza nafasi havisaidii hivyo.

Pima boksi likiwa limefungwa, kabla hujataja bei ya usafiri. Na kumbuka kamisheni inaweza kugusa mpaka pesa ya usafiri, soko la Etsy kwa mfano tangu 2022 wanakata asilimia 6.5 na wanakata pia kwenye kiasi cha usafirishaji unachomtoza mteja. Kwa hiyo ukimtoza mteja usafiri sawasawa na ulivyotozwa wewe, bado umepungukiwa.

"Bei ya jumla ni nusu ya rejareja"

Hiyo ni desturi ya wenye maduka wanaonunua kwenda kuuza tena, wao wanapenda kuuza mara mbili ya walichonunulia. Desturi yao sio sheria yako. Kama bei yako ya rejareja haikupangwa tangu mwanzo ikiwa na nafasi ya kugawanywa mara mbili, huwezi kumuuzia mwenye duka kwa nusu, na hakuna aibu kumwambia. Na anayenunua 40 kwa ajili ya shughuli yake sio mwenye duka, usimpe bei ya mwenye duka kwa sababu tu ametumia neno "jumla".

"Nikimpunguzia sana atarudi"

Atarudi akitaka bei ileile, au chini yake. "Nipunguzie hii ya kwanza, nyingine zinakuja" nimeiona kwenye mazungumzo ya wateja wangu wengi mno. Dawa yake ni nyepesi: punguzo kubwa liwe kwenye oda ya pili. Mwambie hii ya kwanza bei ni hii, ukirudi ndani ya miezi mitatu nakupa asilimia fulani. Anayemaanisha hakasiriki.

"Tumalizane nje ya soko, tugawane kamisheni"

Hapa nakuwa mkali. Masoko mengi yanakataza kuhamisha mauzo nje, wakikukamata wanafunga akaunti, na unapotea na maoni yako yote mazuri uliyoyakusanya. Ukiwa nje hakuna wa kukutetea mteja akidai hajapokea. Akilipa kwa kadi anaweza kupinga malipo kupitia benki yake mara nyingi mpaka siku 120, wakati mzigo umeshatoka zamani. Na kuna ule utapeli wa oda kubwa ambao haufi: mnunuzi anakubali bei haraka bila kujadili, "analipa" kuzidi, halafu anaomba umrudishie ziada au umlipe msafirishaji wake. Baadaye malipo yake yanageuka hewa na ile ziada uliyotuma ilikuwa pesa yako halisi. Mnunuzi wa vipande 200 ambaye hajauliza rangi, saizi, wala siku ya kufika, mshuku.

"Nimeshamtajia bei siwezi kubadilisha"

Ukiitaja kwa ujumbe wa sauti bila masharti, kweli utabanwa, maana mteja anarudi baada ya miezi minne, malighafi imepanda, anakuonyesha ujumbe wako wa zamani. Bei ya oda kubwa iandikwe na iwe na siku ya kufa. Wateja wangu nawapa ujumbe huu wanabadilisha namba tu, na uzuri wake ni kwamba unafit hata kwenye inboksi ya soko lenyewe: "Vipande 60, rangi na saizi kama ulivyotuma. 10 vya kwanza bei ya kawaida, 50 vilivyobaki vinashuka asilimia 4. Usafiri nitakutajia nikishapima maboksi. Nusu ya malipo kabla sijaanza, nusu kabla mzigo haujatoka, yote kupitia hapa hapa. Kazi inachukua wiki tatu tangu malipo ya kwanza. Bei hii inakaa siku 14." Akijibu anataka asilimia 20, mwulize aongeze idadi kiasi gani au asubiri muda gani zaidi, na kama hana cha kuongeza, mrudishie ileile 4.