Kuunda Fito za Gia Unapobadilisha Injini ya Gari la Kale

Gari la kale linapowekewa injini na giaboksi za gari jingine, mkono wa gia hubaki pale pale kati ya viti, ilhali selekta ya giaboksi mpya (kipande kinachopokea mwendo wa mkono na kuchagua gia) huangukia popote ilipokusudiwa na watengenezaji wake. Mafundi wengi huacha kuviunganisha viwili hivyo hadi mwisho, jambo nisilolipenda, kwa sababu wakati huo ekzosi huwa imekwisha kuchukua njia ya fito zinazounganisha mkono na selekta.

Ufito wa gia hujizungusha ili kuchagua mstari wa gia, kisha huenda mbele au nyuma ili kuingiza gia yenyewe. Kinachosumbua ni ule mzunguko, kwa kuwa ni mdogo na bomba jembamba linalojisokota huumeza kabla haujafika kwenye selekta. Katika chuma kisicho na uwazi, kipenyo kikiongezwa maradufu, uwezo wa kukataa kusokotwa huongezeka mara 16. Ndiyo maana napendelea bomba pana lililonyooka kuliko ufito mwembamba uliokunjwa ili kukwepa karta ya mafuta iliyo chini ya injini. Ule uliokunjwa, ukizungushwa, hupepea kando badala ya kuzunguka mahali pake. Kona isipoepukika, nakata bomba vipande viwili, naviunganisha kwa krosi (kiungo kinachopinda huku kikipitisha mzunguko), na naweka bushi ya kushikilia karibu kabisa na krosi hiyo, kwani pasipo bushi, ukisukuma mkono, krosi hujikunja kama kiwiko na gia haiingii.

Ulegevu wa viungo hujumlishana. Mkono wenye milimita 240 juu ya egemeo na milimita 60 chini yake huukuza mara 4, hivyo milimita 1.5 tu za kucheza huku chini huwa milimita 6 kwenye kirungu cha mkono.

Linalosahaulika zaidi ni kwamba injini hucheza juu ya raba zake. Egemeo la mkono likifungwa kwenye bodi, mtikisiko wa injini huivuta selekta kana kwamba dereva ndiye aliyeuvuta mkono, na gia huweza kuchomoka unapokanyaga mafuta. (Giaboksi isiyo na kosa hufunguliwa bure kwa sababu hiyo.) Honda Civic nyingi za miaka ya 1990 zina ufito wa pili unaounganisha kitako cha mkono na giaboksi, ili vyote viende pamoja, na mpangilio huo unafaa kuigwa.

Gia zikitokea kinyume, ya kwanza mahali pa ya pili, wenzo wa kati wenye egemeo katikati hugeuza mwelekeo.

Kabla ya kuchomelea moja kwa moja, shika vipande kwa vidoti vya kuchomelea, weka pande zote nyutro, kisha jaribu kila gia pamoja na rivasi huku injini ikiinuliwa kidogo kwa jeki upande mmoja. Toa beringi na bushi za plastiki kwanza, kwani joto la kuchomelea huziharibu.