Karabini ya upepo haiko kitu ya kuchezea mtoto: duane inaeleza, tena

Ba papa, ba mama na ba ndugu wa Lubumbashi na kandokando, naandika juu malalamiko yamezidi ku giche yetu ya duane (forodha). Mtu anakuja na hasira, anasema duane wamebamba kole (mzigo) yake na ndani ni karabini ya upepo tu, ya kupiga karatasi, haina barudi, haina moto, sasa mnaifungia mu depo ya nini? Anatoka, anaingia mwingine na neno lile lile. Kazi yangu mimi ni kuangalia kitu na kusema kinaingia ku namba gani ya tarifu (orodha ya vitu ya duane), na siku ya mapumziko mimi mwenyewe napiga karabini ya upepo metre kumi, basi mkisema hawa wa duane hawajui hiyo kitu, mnatuonea kidogo.

Namba yake ni 93.04. Hiyo njo namba ya silaha zingine, zile za resore (springi), za upepo na za gazi. Kitu ya kuchezea mtoto iko 95.03, mbali kabisa. Plombu zake (vidonge inavyopiga) ziko 93.06, vipande vyake 93.05, lineti (darubini ya kulengea) ikija peke yake 90.13, kompresa (mashini ya kubana upepo) 84.14, chupa ya chuma ya kuwekea upepo 73.11 na ile ya aluminiamu 76.13. Hatukuzitunga sisi mu biro, zinatoka ku mfumo wa dunia nzima unaotunzwa na Shirika la Duane la Dunia kule Bruxelles, unafanya kazi tangu 1988, na Zambia wanatumia namba hizo hizo. Mtu anasema "nimeinunua Afrika Kusini hakuna mtu aliniuliza kitu". Sawa baba, kule hawakukuuliza, huku tunakuuliza. Namba ni moja, lakini sheria za kila inchi juu ya hiyo namba ni zake.

Sasa kuko akili ingine watu wameipata, sijui nani anawafundisha. Papa mmoja alipitisha karabini yake Kasumbalesa mu valizi tatu. Mti wa bega mu valizi yake, pipa mu ya shemeji, na sehemu ya katikati na mtambo wa kufyatulia mu mfuko wa mtoto wa dada yake, na kila mtu anajibu "ni piesi ya spea tu". Ba ndugu, kuko kanuni ya kutafsiri tarifu, kanuni ya 2 herufi a, inasema kitu kilichofunguliwa vipande kinahesabika kama kitu kizima, na hata kama hakijatimia, ikiwa kile kinachokifanya kiwe kile kitu kiko hapo. Yaani tunaweka zile valizi tatu pamoja juu ya meza, tunaziunganisha kwa macho, tunaandika 93.04. Saa tuliyoongeza visi mbili mbele yake ikasimama karabini, papa aliangalia chini. Na hapo hakukuwa tena na neno la kusahau kudeklare, juu mtu anayesahau hagawanyi vitu vyake mu mifuko ya watu watatu.

Njia ya kawaida si ngumu. Mbele ya kulipa muuzaji, narudilia, MBELE ya kulipa, unaenda kulomba otorizasio ya maandishi kwa wakubwa wa mambo ya ndani wanaohusika na silaha. Duane haitoi permi ya silaha, haijawahi kutoa, na ajenti yeyote wa duane anayekuambia "leta makuta nikupangie permi" huyo anakudanganya. Sheria ya silaha ni ordonansi-lwa namba 85-035 ya tarehe 3 septemba 1985, na ni wale wa mambo ya ndani wanaokuambia karabini yako inasimama wapi ndani yake, si mimi, si muuzaji wa ku intaneti. Wakikuambia haihitaji permi, walombe waandike, na ukuje na hiyo barua. Maneno ya mdomo ku giche hayana uzito, hata kama aliyekuambia ni mkubwa sana.

Ukishapata karatasi, deklaransi wako (wakala wa duane) anaingiza deklarasio mu Sydonia, mfumo wa kompyuta wa duane. Ataandika jina la mtengenezaji, modeli, namba ya serie, kalibre, na nguvu yake kwa jule (kipimo cha nguvu). Faktire iwe ya kweli. Watu wanaleta faktire ya dola 80 ya karabini ambayo sisi wote tunaona bei yake ku simu, ni kupotezeana saa. Hesabu inapigwa juu ya bei pamoja na usafiri na asiransi (bima). Chukua mfano karabini ni dola 600, usafiri 90, asiransi 10, jumla 700. Tuseme kiwango cha duane ni 20 kwa mia, mfano tu, kiwango chako utaambiwa: hapo ni 140. Halafu TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16 kwa mia inapigwa juu ya 840, si juu ya 700, inakuwa dola 134 na senti 40. Jumla ya hizo mbili ni 274 na senti 40, na kuko vidogo vingine vinafuata. Wengi wanalia hapo pa TVA, wanasema tumelipisha mara mbili. Hatujalipisha mara mbili, TVA inapigwa juu ya bei pamoja na ushuru wa duane, ni vile ilivyo.

Na usipodeklare, ao ukideklare uongo, kitabu cha sheria ya duane cha tarehe 20 agosti 2010 kiko wazi: kitu kinaweza kuchukuliwa, amande (faini) inafuata, na kwa vitu fulani kuko mpaka kifungo. Hiyo ni upande wa duane peke yake. Kama wale wa sheria ya silaha nao wakiingia, ni dosie ingine, jaji mwingine. Tena mtu anaweza kuachiwa upande moja na kukamatwa upande mwingine, na hapo watu wanashangaa, wanasema "lakini nimekwisha kulipa duane!" Risiti ya duane inaonyesha umelipa ushuru wa kuingiza. Haikupi ruhusa ya kushika silaha. Tafazali.

Neno la jule nalisimamia kidogo, juu hapo njo karabini ya mtu ya amani inageuka kitu kingine. Karabini nyingi zinazotoka Ujerumani zina alama ya herufi F ndani ya umbo la pembe tano, maana yake nguvu haipiti jule 7.5. Uingereza mpaka wa karabini bila leseni ni karibu jule 16. Nguvu inahesabika nusu ya uzito mara mwendo mara mwendo: plombu ya gramu 0.53 ikienda metre 168 kwa sekunde unapata jule 7.5 hivi. Angalia vizuri, mwendo unahesabiwa mara mbili, kwa hiyo ukiongeza mwendo kidogo nguvu inaruka sana. Sasa kijana ananunua karabini ya F, anaagiza resore kali ku intaneti, fundi wa kartie anaiweka, na alama inabaki inaonyesha F. Siku inapita duane ingine ao polisi wanaipima ku mashini ya mwendo, alama inasema moja, mashini inasema ingine. Nani atakuamini?

Na kinachoniuma, hiyo resore kali inaharibu shabaha. Kupanga karabini vizuri maana yake kufanya kila plombu itoke sawasawa na ile ya mbele yake. Ku mashindano ya metre kumi duara lote jeusi na jeupe ni milimetre 45.5, na pointi ya kumi ni kitone cha nusu milimetre, kidogo kuliko plombu yenyewe. Nguvu haikusaidii kitu pale.

Kinachosaidia ni mambo ya uvumilivu. Anza na visi za mti wa bega, zinalegea bila wewe kujua, na mtu anabadilisha lineti mbili mbele ya kugusa turnevisi. Halafu plombu. Nunua aina tatu ao nne, kichwa cha 4.49, 4.50, 4.51, piga tano tano za kila aina juu ya karatasi, karabini imelala juu ya mfuko wa mchanga, na karabini yako itakuambia yenyewe inapenda gani. Yangu inakataa zile za bei kali, inapenda zile za kawaida, sina maelezo. Ile ya resore usiibane na mikono, iache iruke vile inavyotaka, mkono wa kushoto uwe wazi chini yake kama umebeba sahani ya fufu ya moto. Na lineti yake iwe ya karabini ya resore kweli, juu hiyo inapiga nyuma halafu mbele, na lineti za kawaida zinakufa ndani ya muda mfupi.

Ile ya chupa, inayojazwa bari 200 ao zaidi, watu wanadhani ukiongeza prezio ndio inapiga kali. Hapana. Kama haina regileta (kifaa cha kulinganisha prezio), ukijaza kupita kiasi upepo unabana vali, inafunguka kidogo, plombu za kwanza zinatoka polepole, halafu mwendo unapanda, unatulia, halafu unashuka. Piga plombu zako zote ku mashini ya mwendo, andika mu kaye, utaona pale katikati ambapo namba zinalingana. Jaza mpaka pale unapoanza huo utulivu tu. Mmoja wetu alipunguza kujaza kutoka 200 mpaka 185, na kundi la matundu yake ku karatasi likawa kama kifungo cha shati.

Ya gazi ya CO2 inafuata hali ya hewa. Gazi hiyo ku digri 10 inasukuma karibu bari 45, ku digri 30 inapita 70. Sasa hesabu mwenyewe asubuhi ya juni hapa kwetu na saa saba ya mchana ya oktoba. Si wewe umesahau kupiga. Tena tuko juu, metre 1,200 hivi, upepo ni mwepesi, plombu haizuiwi sana, basi karabini iliyopangwa ku pwani itapiga juu kidogo huku ukienda mbali. Metre kumi hutaona kitu.

Mafuta. Mimi nilitia ya moteri mu karabini yangu ya kwanza ya resore, matone matatu, nikaona nimefanya vizuri. Ilipiga kama mine, moshi ikatoka pale mbele, jirani akafungua dirisha, na jointi ya pistoni ikaungua. Mafuta yakibanwa na upepo yanawaka, ni kama moteri ya dizeli. Tumia grisi ya silikoni pale mtengenezaji alipoandika, basi.

Na hii sicheki: USIJAZE OKSIJENI. Najua kompresa ya bari 300 hazijai hapa, na najua ku kila garaji ya sudere (mchomea vyuma) kuko chupa ya oksijeni imesimama, na najua kuko vijana wa komini za Katuba na Kenya, hapa Lubumbashi, wanaojaribu kuunganisha kwa tiyo. Oksijeni ya prezio kali ikigusa grisi kidogo, hata ya kidole, inalipuka bila moto wa kuwasha. Karabini iko ku shavu lako saa hiyo. Tumia pompi ya mkono yenye kichujio cha maji, utatoka jasho, ni sawa. Mvua ikianza hakikisha hicho kichujio kikavu, juu maji yakiingia yanakula chupa kutoka ndani na wewe hauoni. Chupa ina maandishi ku shingo: prezio ya kazi, prezio ya kupimiwa, mara nyingi 300 na 450, na tarehe. Tarehe ikiwa ya zamani usiijaze mpaka ipimwe tena. Chupa isiyo na maandishi, hata kama ni ya bure, iache kwa mwenyewe.

Plombu ni madini ya risasi, ni sumu, usishike na meno, nawa mikono mbele ya kula. Nyuma ya shabaha iwe kitu kinachomeza plombu, si bati wala ukuta wa jirani.

Kwa wanaopanda ndege Luano: haiingii mu kabini, chupa iwe tupu na robine wazi, na uwaambie kampuni ya ndege mbele ya siku ya safari. Bomba la kupunguza sauti, hata kama lilikuja ndani ya kartoni ya karabini, liandike ku deklarasio na ulombe wale wa mambo ya ndani nalo. Kukuta bomba kama hilo halijaandikwa njo kunafanya dosie ndogo iwe kubwa.

Ukikuja ku giche kuuliza, leta kopi ya faktire, picha ya maandishi ya ku pipa na namba ya serie, na kipande chako cha uraia. Picha nimesema. Si karabini yenyewe. Mama mmoja alileta ya mume wake imefungwa mu kitenge, akaiweka juu ya kaunta na kuifungua polepole, na mstari wote ulikuwa nyuma yake ukalala chini, pamoja na deklaransi moja mnene sana aliyechukua muda kusimama.