Dakika 15 na ndugu wa mgonjwa

Katika wodi za afya ya akili, ndugu wa mgonjwa huambiwa mengi na kuulizwa machache. Kisingizio chetu wauguzi ni muda. Dakika 15 zinatosha, ilmradi zisiliwe na hotuba ya dawa.

Anza na mgonjwa: angependa nani aje, na lipi lisiguswe? Akisema ndugu wasihusishwe, bado unaweza kuwasikiliza na kuwaeleza ugonjwa kwa ujumla. Siri zake zibaki kwako.

Mkishaketi, sema mtamaliza saa ngapi, kisha chora ukoo kwenye karatasi wote wakiona: mraba mwanamume, duara mwanamke, vizazi viwili au vitatu. Macho yakihamia kwenye karatasi, mgonjwa hupumua, na aliyenuna kimya hujikuta akikusahihisha, "Hapana, huyo ndiye mkubwa." Mazungumzo yameshaanza.

Halafu muulize kila mmoja: "Kama leo ungejibiwa swali moja tu, lingekuwa lipi?" Mama huenda akataka kujua kama ni yeye aliyesababisha, kaka, afanye nini mgonjwa asipolala. La kaka ni jepesi, ndiyo maana sisi hukimbilia hilo, na mama akaondoka na mzigo wake. "Usijali" nalo humfunga mdomo. Muulize afadhali, "Wazo hilo hukujia zaidi wakati gani?"

Kazi ngumu ni lawama: "Huyu mvivu tu!" Ukimtetea mgonjwa, umempoteza ndugu, ukinyamaza, mgonjwa ataona umekubali. Na si jambo la kupuuza. Tafiti zilizofanyika London miaka ya 1960 na 1970 zilionyesha kuwa wagonjwa wa skizofrenia (ugonjwa wa akili unaovuruga fikra, kama kusikia sauti zisizokuwepo) waliorudi kwenye nyumba zenye lawama nyingi waliugua tena zaidi, hasa walipokaa uso kwa uso na ndugu hao zaidi ya saa 35 kwa wiki. (Kuigeuza habari hii hati ya mashtaka dhidi ya familia ni kosa, lawama nyingi ni uchovu.) Mimi huuliza: "Katika anayoyafanya, lipi unaona ni ugonjwa, na lipi ni tabia yake?" Hapo ndipo pa kueleza kwamba kushindwa kutoka kitandani kunaweza kuwa dalili.

Kabla ya kuagana, wasifu kwa ulichokiona. "Mnajitahidi" haina uzito. "Kila ukija unamuuliza kwanza kama yuko tayari kuongea" ina uzito. Kisha andika kwenye faili swali la kila mmoja, wa zamu inayofuata asianze upya.