Kupanda kiwango cha sataranji bila kufungua kitabu

Wanaocheza sataranji kwa burudani huniuliza swali lilelile: nitapandaje bila kukaa chini kusoma? Nafundisha mchezo huu, na jibu langu huwashangaza. Kwa kiwango chako, vitabu vya ufunguzi, yaani vya hatua za mwanzo wa mchezo, visingekusaidia sana hata ungevimaliza. Unafungwa kwa sababu unaacha kete bila mlinzi, na mwenzako anaila bure.

Chukua mchezo unaowamaliza wageni wengi. Kila nyumba ya ubao ina jina: herufi ya safu, kisha namba ya mstari ukihesabu kutoka upande wa mweupe. Mweupe anasogeza askari e4, mweusi anajibu e5. Mweupe anamtoa askofu hadi c4, mweusi anamtoa farasi hadi c6. Malkia mweupe anatoka hadi h5. Mweusi anachekelea: malkia katoka mapema hivi, ngoja nimfukuze! Anamleta farasi wa pili f6. Malkia anakula f7, mfalme hana pa kukimbilia, mchezo umekwisha kwa hatua nne.

Hapo hakuna nadharia yoyote iliyokosekana. Mweusi aliwaza anachotaka yeye, hakujiuliza malkia kafuata nini h5. Angejiuliza, angeona f7 inalindwa na mfalme peke yake huku malkia na askofu wote wakiilenga. Angesogeza askari g6, malkia arudi f3 kutishia upya, na hapo ndipo farasi angeingia f6 kuziba njia, kwa raha zake.

Basi kabla hujagusa kete, ihoji hatua ya mwisho ya mpinzani: inatishia nini? Ukishachagua ya kwako, jiulize kama hapo unapokwenda utaliwa. Ni hayo tu, lakini kila hatua, hata unapoongoza. Hasa unapoongoza.

Wengi wetu tumekulia kwenye drafti, ambako kula ni lazima. Tabia hiyo tunahamia nayo huku. Mtu anaona kete inalika, mkono unaenda wenyewe. Kwenye sataranji unaruhusiwa kuiacha, na mara nyingi kete ya bure imewekwa pale makusudi.

Tabia hii haijengeki kwenye michezo ya dakika 3 kwa kila mchezaji. Nayo ina utamu wake, siikatazi, ila inafundisha vidole kuliko macho. Cheza ya dakika 15 yenye nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua. Mafumbo nayo hayana uzito wa kusoma: Lichess, tovuti ya sataranji, wanayatoa bure, bila matangazo, na matatu manne yanatosha ukiwa kwenye daladala. Sharti ni moja, usibahatishe. Ione njia hadi mwisho ndipo uguse.

Ukifungwa, fungua uchambuzi wa kompyuta utazame mahali grafu inayoonyesha nani anaongoza ilipoporomoka kwa mara ya kwanza. Hapo tu. Mengine achana nayo.

Kuna wanaomtaja Capablanca, Mkuba aliyesifika kwa kipaji zaidi ya kusoma, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1921 bila kufungwa hata mchezo mmoja na Lasker, bingwa wa wakati huo. Ni kweli. Mwaka 1927 Alekhine, aliyejiandaa vilivyo, alimvua ubingwa huo kule Buenos Aires. Wewe lakini hukutani na Alekhine. Unakutana na mtu aliyechoka na kazi, anayecheza akisubiri chakula.

Kitu kimoja ningekulazimisha ukijue ni namna ya kumaliza ukiwa na malkia na mfalme dhidi ya mfalme mtupu, maana hapo ushindi mwingi hugeuka sare. Mfalme mweusi yuko a8, wewe unamweka malkia c7, na zamu ni yake. Hajatishiwa, lakini hana pa kusogea. Sare! Mfalme akishabanwa kwenye kona, usimweke malkia umbali wa ruko moja la farasi kutoka kwake. Mwache malkia azuie mstari wa 7, wa pili kutoka ukingoni, akiwa mbali, kwa mfano e7, mfalme mweusi awe anahangaika kati ya a8, b8 na c8, huku mfalme wako akisogea taratibu hadi b6. Akifika, malkia anasogea e8, na kazi imekwisha.